Waya wa Picha na Sauti ya Maneno

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walinena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Runinga ikiwaka na spika zikiunguruma, wengi wetu hudhani kazi imekwisha. Picha ipo, sauti ipo, basi tukae tutazame. Lakini hebu waulize walioketi nyuma ya ukumbi siku tamthilia inapoonyeshwa, tuseme Bembea ya Maisha yake Timothy Arege. Watakwambia waliona watu wakifungua midomo, wakasikia "du! du! du!" ya wufa, ila maneno yenyewe yaliwapita. Hapo lawama huanza. Huyu atasema waigizaji hawajui kutamka. Yule atasema spika zimechoka. Wa tatu atashauri ati tuchange pesa tununue waya wa dhahabu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi kosa haliko kwa waigizaji wala kwenye bei ya waya. Liko kwenye njia ambayo sauti hupitia kutoka chombo kimoja hadi kingine, yaani aina ya waya na kiwango chake. Waya ambao watu huuita "waya wa picha" ndio siku hizi unaobeba sauti pia. Ukiunganishwa vibaya, kitu cha kwanza kupotea huwa ni maneno. Na kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili wa Kisii na Nyamira, maneno ndiyo tuliyoyafuata ukumbini.

Sauti zinazopotea kwanza

Darasani tulijifunza kwamba sauti za lugha ni za aina mbili, irabu na konsonanti. Irabu zina nguvu. Ukimwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, "eee" na "ooo" ndizo zinazomfikia. Konsonanti nyingi ni dhaifu, lakini ndizo zinazotofautisha neno na neno.

Sauti hupimwa kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia mitetemo 20 hadi karibu 20,000. Sauti ya mwanamume anapozungumza ina msingi wa mitetemo kama 100 hivi, na ya mwanamke kama 200. Lakini mvumo wa /s/ uko juu sana, aghalabu kupita mitetemo 4,000. Sauti /f/ na /th/ nazo ni pumzi nyembamba tu, hazina nguvu ya kupigania nafasi na ngoma. Ndiyo maana kwenye simu za kawaida, ambazo kwa miaka mingi zilipitisha mitetemo ya 300 hadi 3,400 pekee, mtu hulazimika kuuliza, "Umesema F ama S?"

Sasa tutazame lugha yetu ya nyumbani. Kwa asili, Ekegusii hakina sauti /f/, /v/, /z/, /l/, /th/ wala /dh/. Kiswahili kinazo zote. Mwenyeji wa Ogembo au Nyamira anapojifunza Kiswahili hujifunza sauti hizi kwa sikio, kwa kuwasikiliza wanaozitamka sawasawa. Bila kuzisikia vyema atachanganya faa na vaa, saa na zaa, sana na zana, thamini na dhamini, kula na kura, mahali na mahari. Hebu fikiria mtu anayesema amelipa mahali ya bibi arusi! Watu watacheka, lakini yeye hana hatia ikiwa kila mara alipolisikia neno hilo, spika ilimpa irabu ikaficha konsonanti.

Kwa hivyo tunaposema "sauti nzuri" katika makala haya, hatumaanishi sauti kubwa wala sauti ya kutikisa madirisha. Tunamaanisha sauti ambayo aliyeketi nyuma anaweza kusikia kama mwigizaji amesema thamini au dhamini.

Safari ya nyaya

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka wa 1962. Kwa miaka mingi waya ulikuwa mmoja tu, ule wa kutoka kwenye antena juu ya paa hadi nyuma ya runinga. Hata deki za kanda za video zilipofika, nyingi ziliunganishwa kwa waya uo huo wa antena. Picha na sauti zilisafiri zikiwa zimefungwa pamoja, na kwa njia hiyo sauti aghalabu ilikuwa ya mkondo mmoja. Mkondo mmoja maana yake kushoto na kulia husikia kitu kile kile.

Kisha zikaja nyaya tatu za rangi ambazo karibu kila mtu amewahi kuzishika: manjano, nyeupe na nyekundu. Plagi ya aina hii ni ya zamani kuliko televisheni ya Kenya. Ilibuniwa na kampuni ya RCA ya Marekani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya santuri. Waya wa manjano hubeba picha, mweupe sauti ya kushoto, na mwekundu sauti ya kulia. Hii ni njia ya analogi, yaani umeme wenyewe huinuka na kushuka kwa kuiga mawimbi ya sauti. Mikondo ni miwili, basi.

Upande wa kompyuta ulikuja waya wa VGA, uliotolewa na kampuni ya IBM mwaka wa 1987. Huu una plagi pana yenye vipini 15, na tundu lake limo katika projekta nyingi za shule. Jambo la kukumbuka ni kwamba VGA haibebi sauti hata kidogo. Ndiyo maana picha hujaa ukutani ilhali sauti imebaki ndani ya kompyuta, ikinong'ona kama mtu aliyefungiwa kabatini. Waya wa DVI, uliofuata mwaka wa 1999, nao uliundwa kwa ajili ya picha tu.

Mwezi wa Desemba mwaka wa 2002, kampuni saba zikiwemo Sony, Hitachi, Toshiba na Philips zilitoa kiwango kipya kiitwacho HDMI. Huu ni waya mmoja, plagi moja bapa, picha na sauti ndani yake, zote zikisafiri kwa tarakimu. Katika njia hii ya dijitali sauti haiigwi na umeme. Hupimwa mara maelfu kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba.

Hapa kwetu, swali la waya liliingia nyumbani kwa kishindo mwaka wa 2015, Kenya ilipozima matangazo ya analogi. Kabla ya hapo waya wa antena ulikwenda moja kwa moja kwenye runinga. Baada ya hapo, wenye runinga za zamani walilazimika kuweka king'amuzi katikati. Kati ya king'amuzi na runinga pakahitajika waya mwingine. Ni upi? Wengi walichukua wowote uliokuwa ndani ya katoni.

Jinsi sauti inavyopanda matatu ya picha

Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo kiini cha somo letu. Katika HDMI, sauti haina waya wake wa pekee. Picha hutumwa mstari baada ya mstari, na kati ya mstari mmoja na mwingine huachwa nafasi ndogo isiyo na picha. Nafasi hizo ni urithi wa runinga za zamani za kioo kizito, ambazo zilihitaji muda kidogo kurudi mwanzo wa mstari. HDMI huzijaza nafasi hizo kwa sauti.

Chukua mfano wa matatu ya kutoka Kisii kwenda Keroka. Abiria wamekaa kwenye viti. Mizigo midogo imepangwa chini ya viti na kwenye vijia. Abiria ni picha, mizigo ni sauti. Gari likiwa kubwa, nafasi za mizigo nazo huongezeka. Gari likiwa dogo, mizigo mingine itaachwa stendi. Vivyo hivyo, ukipanga picha iwe ndogo sana, nafasi za sauti hupungua, na mikondo minane ya sauti ya kiwango cha juu kabisa haiwezi kuenea humo. Ndipo tunaposema kwamba kiwango cha waya wa picha huamua ubora wa sauti.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Msisumbuke, ni kuzidisha tu.

Diski ya CD, iliyoingia sokoni mwaka wa 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kina biti 16, na mikondo ni miwili. Kwa hivyo 44,100 × 16 × 2 = biti 1,411,200 kila sekunde.

Sauti ya sinema yenye mikondo sita, ikipimwa mara 48,000 kwa biti 16, ni 48,000 × 16 × 6 = biti 4,608,000 kila sekunde. Mzigo huo ni mkubwa mno kwa nyaya nyingi za zamani. Kwenye DVD sauti ya Dolby Digital hubanwa hadi biti 448,000 kwa sekunde au chini yake, yaani karibu sehemu moja ya kumi. Kubana huku ni kama kukunja nguo ziingie kwenye sanduku la shule, ila baadhi ya nguo huachwa nyumbani.

Mikondo minane ya HDMI ikipimwa mara 192,000 kwa biti 24 ni 192,000 × 24 × 8 = biti 36,864,000 kila sekunde. Linganisha na ile CD, utaona tofauti.

Kiwango hiki cha HDMI kimekuwa kikiongezwa uwezo. Mwaka wa 2006 lilitoka toleo la 1.3, lililoruhusu sauti za sinema zilizobanwa bila kupoteza chochote. Mwaka wa 2009 lilitoka toleo la 1.4 lililoleta ARC, yaani njia ya kurudisha sauti kutoka runinga hadi hom thieta kwa waya ule ule mmoja. Mwaka wa 2013 lilifuata toleo la 2.0, na mwaka wa 2017 toleo la 2.1, ambalo ARC yake iliyoboreshwa, eARC, hubeba hadi biti milioni 37 hivi kwa sekunde. ARC ya kwanza ilikuwa nyembamba. Ilipitisha mikondo miwili isiyobanwa, au sita iliyobanwa.

Uko pia waya wa mwanga, ulioletwa na Toshiba mwaka wa 1983. Ndani yake hamna shaba wala umeme. Mna uzi wa plastiki unaopitisha mwanga mwekundu unaowaka na kuzima kwa kasi. Uwezo wake ni kama ule wa ARC ya kwanza: mikondo miwili kamili au sita ya kubanwa.

Je, waya wa bei ghali ni bora?

Tuseme umeingia dukani mjini Kisii ama sokoni Daraja Mbili. Muuzaji anakuonyesha waya wa HDMI wa shilingi 300 na mwingine wa shilingi 3,000 wenye plagi ya kung'aa. Anakuapia kwamba wa pili utafanya sauti iwe tamu. Kumbuka basi kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Katika njia ya dijitali waya hubeba namba. Namba 7 ikifika ikiwa 7, kazi imekwisha. Haiwezi kufika ikiwa 7 tamu zaidi. Waya mbovu wa HDMI hauleti sauti nzito au nyepesi. Huleta vitone vyeupe kwenye picha, giza la ghafla, au sauti inayokatikakatika. Usipoyaona hayo, waya wako wa shilingi 300 unafanya kazi sawasawa na ule wa 3,000.

Hata hivyo, tusimkane muuzaji kwa kila neno. Waya ukiwa mrefu, tuseme zaidi ya mita kumi kutoka meza ya kompyuta hadi projekta, namba huanza kupotea njiani, na hapo waya hafifu utakuangusha. Dhahabu nayo haishiki kutu, na katika milima yetu yenye mvua nyingi hiyo ni faida kwa plagi. Lakini ni faida ya kudumu muda mrefu, si faida ya utamu.

Kwa zile nyaya za rangi mambo ni tofauti. Hizo ni za analogi, na chochote kinachougusa umeme ndani yake huwa sehemu ya sauti. Waya mwembamba usiofunikwa vizuri hudaka kelele. Umeme wa Kenya hugeuka mara 50 kwa sekunde, na ndiyo maana waya mbaya huleta mngurumo mzito, "mmmm", usiokoma. Mngurumo huo pia hutokea antena ikiwa imeunganishwa na ardhi huku na kikuza sauti kimeunganishwa na ardhi kule. Dawa yake si kukata kile kipini cha ardhi kwenye plagi. Kufanya hivyo ni kumkaribisha mauti. Dawa nzuri ni kuchomeka vyombo vyote kwenye soketi moja, ama kutumia waya wa mwanga ambao haupitishi umeme kabisa.

Makosa manne ya kawaida

Kosa la kwanza ni plagi ndogo iliyolegea. Projekta inapotumia VGA, sisi huchomeka plagi ndogo ya sauti kwenye kompyuta na kuipeleka hadi kwenye hom thieta. Plagi hiyo ina njia tatu: ya kushoto, ya kulia, na ya tatu ambayo ni njia ya kurudia ya zote mbili. Ile ya tatu ikikatika, jambo la ajabu hutokea. Muziki unabaki, kelele za mvua na magari zinabaki, lakini sauti ya mzungumzaji inatoweka kama ilimezwa na pipa! Sababu ni kwamba sauti ya mzungumzaji kwa kawaida hurekodiwa sawa kushoto na kulia. Njia ya kurudia ikikosekana, kushoto hutolewa kwa kulia, na vitu viwili vilivyo sawa vikitoana jibu ni sufuri. Watu hulaumu filamu bure. Isukume plagi hadi mwisho, au ubadilishe waya. Bei yake ni ndogo.

Kosa la pili ni kutuma lugha ambayo hom thieta haielewi. Kwenye mipangilio ya deki ya DVD au king'amuzi huwa pana uchaguzi: kutuma sauti iliyobanwa kama ilivyo, au kuikunjua kwanza na kuituma kama namba za kawaida, PCM. Hom thieta isiyojua kukunjua ikipewa sauti iliyobanwa itanyamaza kimya, ama itatoa mkwaruzo wa kutisha. Chagua PCM, na mikondo iwe miwili. Katika sinema ya mikondo sita, mazungumzo aghalabu huwekwa kwenye mkondo wa katikati. Ukichagua mikondo miwili, chombo chenyewe huyagawa mazungumzo hayo kushoto na kulia, na hakuna neno linaloachwa nyuma.

Kosa la tatu ni kuchomeka tundu lisilofaa. Runinga inaweza kuwa na matundu matatu ya HDMI, lakini lile linalorudisha sauti huwa limeandikwa ARC au eARC pembeni. Ukichomeka hom thieta kwenye jingine, utakaa ukingoja sauti mpaka jogoo awike. Vilevile, nyaya nyekundu na nyeupe kutoka kwenye hom thieta ziende kwenye matundu ya runinga ya kutolea sauti, si yale ya kuingizia. Soma maandishi kabla ya kusukuma. Kuuliza si ujinga, na kusoma je?

Kosa la nne ni sauti kutangulia midomo. Runinga za kisasa huchukua muda kidogo kuisafisha picha kabla ya kuionyesha. Ukipeleka sauti moja kwa moja kutoka kwenye king'amuzi hadi hom thieta, sauti hufika kwanza na midomo hufuata. Jambo hili huwachanganya wasikilizaji, kwa sababu sisi sote hutumia midomo ya msemaji kusaidia masikio. Tafuta kwenye menyu ya hom thieta mahali pa kuchelewesha sauti, ama uitoe sauti kwenye runinga yenyewe ili zote zifike pamoja.

Nataka niongeze neno juu ya wufa. Vijana wenzangu, tunapenda besi, najua. Lakini besi nyingi huzifunika zile konsonanti dhaifu tulizozitaja. Siku ya tamthilia, punguza besi, ongeza sauti nyembamba kidogo. Siku ya muziki fanyeni mpendavyo, mradi mwalimu wa zamu hayupo karibu.

Mvua, mabati na radi

Nyaya peke yake hazitoshi. Hali ya hewa ya kwetu ina desturi zake. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima ya Gusii, na mara nyingi mvua hunyesha alasiri. Matone juu ya mabati hutoa kelele yenye mitetemo mingi ya juu, pale pale zinapokaa /s/, /f/ na /th/. Hakuna HDMI iwezayo kushindana na mvua ya mabati. Ikiwezekana, tamthilia ioneshwe asubuhi.

Jambo zito zaidi ni radi. Kisii na Nyamira zinajulikana kwa radi, na watu wamepoteza maisha yao. Waya wa antena huweza kuleta umeme wa radi hadi kwenye king'amuzi. Kutoka hapo HDMI, ambayo imeviunganisha vyombo vyote, huusambaza hadi kwenye runinga, hom thieta na kompyuta. Ngurumo moja, hasara tatu. Kuzima kwa rimoti hakusaidii, kwa maana waya bado umegusana. Mawingu yakianza kujikusanya, chomoa plagi za umeme na waya wa antena mapema. Radi ikiwa imekwisha kuanza, usiguse chochote. Bora runinga iungue kuliko mtu.

Zoezi la chama

Maneno matupu hayavunji mfupa. Napendekeza tufanye jaribio hili, nalo halihitaji pesa. Mwanachama mmoja mwenye matamshi mazuri arekodiwe akisoma maneno haya 20, yakiwa yamechanganywa ili yasifuatane kwa jozi:

fua na vua. Faa na vaa. Saa na zaa. Sana na zana. Thamini na dhamini. Kula na kura. Mahali na mahari. Fuma na vuma. Pata na bata. Tua na dua.

Wanachama kumi wakae nyuma ya ukumbi na karatasi. Rekodi ichezwe mara ya kwanza kwa plagi ndogo, mara ya pili kwa nyaya za rangi, mara ya tatu kwa HDMI, na kila mara mpangilio wa maneno ubadilishwe. Sauti isiongezwe wala isipunguzwe. Mwisho rudieni ile iliyo bora, mara moja besi ikiwa juu, mara nyingine ikiwa chini. Kila msikilizaji aandike alichosikia, kisha alama zihesabiwe juu ya 20. Matokeo yatatuonyesha ni njia gani inayofaa ukumbi wetu, na ni sauti zipi zinazotushinda sisi wenyewe hata waya ukiwa mzuri. Hizo za mwisho tumpelekee mwalimu wa Kiswahili, si fundi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini irabu husikika mbali kuliko konsonanti nyingi?
2. Taja nyaya mbili zinazobeba picha lakini hazibebi sauti.
3. Eleza jinsi HDMI inavyosafirisha sauti pamoja na picha.
4. Sinema inacheza, muziki unasikika, lakini mazungumzo yametoweka. Utachunguza nini kwanza?
5. Kokotoa biti kwa sekunde za sauti ya mikondo miwili inayopimwa mara 48,000 kwa biti 16.

Tamati

Wasomaji wapendwa, tumeona kwamba kila waya una kiwango chake, na kila kiwango kina idadi ya mikondo ya sauti inayoweza kupita. Tumeona pia kwamba kiwango kikubwa hakihitajiki kila mara. Kwa sinema ya mikondo minane, HDMI inafaa. Kwa tamthilia, habari na mashairi, mikondo miwili iliyounganishwa sawasawa yatosha kabisa, hata kwa nyaya zile za nyeupe na nyekundu. Kwa hivyo kabla hatujachanga pesa za hom thieta mpya, tuzikague plagi tulizo nazo, tufungue menyu, tupunguze wufa. Mwenzetu aliyeketi nyuma kabisa ana haki ya kulisikia neno lote, tangu konsonanti yake ya kwanza hadi irabu ya mwisho.

Jibu la swali la tano ni 1,536,000. Uliyepata jibu tofauti, rudia kuzidisha.